Mkeka Mbele ya Dirisha

"Bado," sauti ilisema kutoka dirishani. "Gonga upande wa geti. Taratibu. Unagonga udongo, huui nyoka."

Mama Vitunguu aligonga taratibu. Alikuwa amepiga magoti juani, mbele yake ubao mrefu umelazwa juu ya mawe mawili, na juu ya ubao pima maji ya mumewe, ile ya njano iliyochubuka pembe zote. Ndani ya kioo chake kidogo kipovu kilitembea, kikasita, kikarudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Kiko wapi sasa?"

"Kinakaribia katikati."

"Kinakaribia si jibu. Mtu anayekaribia nyumbani bado yuko njiani."

"Basi kiko njiani, Fundi."

"Gonga tena."

Aligonga tena. Jasho lilimtiririka mgongoni. Hakuna mtu mwingine mtaani kote aliyekuwa akipima tuta la maua kwa pima maji, hilo alilijua. Lakini alijua pia kwamba tangu asubuhi mumewe alikuwa amezungumza zaidi ya alivyozungumza mwezi mzima, na kwa hilo angepima hata sufuria jikoni.

Kipande hicho cha ardhi kilikuwa kati ya ukuta wa nyumba na geti, upana wake kama chumba kimoja. Jua lilikiamkia asubuhi na kukiaga jioni, hakuna mti wala paa la kulizuia. Magugu yenyewe yalikuwa yamejaribu bahati yao pale na kukata tamaa. Miaka yote hakuna aliyekishughulikia. Mke alikuwa na meza yake sokoni, vitunguu upande huu na nyanya upande ule. Mume alikuwa fundi wa kulaza vigae vya sakafu, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi na vumbi jeupe kwenye nyusi. Nani angekuwa na nafasi ya maua?

Sasa nafasi ilikuwepo, tena ya kumwaga. Mwaka uliopita kiharusi kilimwangusha Fundi akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya watu, kigae mkononi. Alipona, kwa hesabu za madaktari. Ulimi ulirudi wote, na makali yake yote. Mkono wa kushoto ulirudi nusu. Mguu wa kushoto ulibaki huko huko ulikokwenda. Kitanda kikasogezwa dirishani ili apate hewa, na tangu siku hiyo hewa hakuijali. Alichotazama ni geti.

Kwenye geti hilo, kwa miaka mingi, pikapu ya mafundi wenzake ilikuwa ikisimama alfajiri na kupiga honi mara mbili fupi, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Siku hizi pikapu ilipita njia nyingine. Wenzake walikuja mwanzoni, wote kwa pamoja, wakasimama kuzunguka kitanda na viatu vyao vya kazi wakaacha vumbi sakafuni, na Fundi akamkataza mkewe kulifagia mpaka kesho yake. Kisha wakaja mmoja mmoja. Kisha wakawa watu wa simu. Lakini honi yoyote mtaani, hata ya muuza maji, ilimgeuza shingo.

Mama Vitunguu aliyajua macho hayo. Ndiyo yaliyomuoa. Zamani, Fundi alipokuwa akilaza sakafu ya soko jipya, macho hayo yaliinuka kutoka kwenye kigae yakamwona msichana akipanga vitunguu vyake, na sakafu ya upande ule wa soko ikachelewa kuisha kuliko pande zote. Sasa alipita mbele ya dirisha na ndoo, akarudi na ndoo, akajipitisha tena bila ndoo, na macho yakampita juu ya bega yakaenda getini.

Nyuma ya mlango wa chumba kulikuwa na kiti cha magurudumu walichopewa hospitali. Fundi alikikalia mara moja tu, siku ya kurudishwa nyumbani. Mtaa mzima ulitoka kumpokea, na kila mtu akampa pole yake, pole kutoka kushoto, pole kutoka kulia, hadi akafumba macho. Alipolazwa kitandani akasema, "Sitoki tena humu nikisukumwa kama mkokoteni wa vitunguu." Mke akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kiti kikageuka kiango cha nguo.

Ndiyo maana likaja wazo la maua. Kama hatatoka, aletewe kitu cha kutazama. Na moyoni, mahali asipotaka hata yeye mwenyewe kupasikia, alikuwa na wazo la pili: huenda siku moja akapenda kukiona kwa karibu.

"Panda unachotaka," Fundi alikuwa amesema alipoambiwa, "ila sitaki kichaka dirishani kwangu. Nataka kuona geti."

"Kitu kifupi?"

"Kifupi kabisa. Cha kulala chini kama mimi."

*

Kitu cha kulala chini kilikuwa kwa jirani. Jirani huyo aliitwa Mama Redio kwa sababu alianza kutangaza alfajiri na hakuwa na kitufe cha kuzimia. Uzio wa waya uliotenganisha nyumba zao ulikuwa umelegea katikati, pale ambapo kwa miaka mingi aliweka viwiko vyake.

"Mkeka ndio unaoutafuta," alisema, akanyoosha kidole kwenye mmea uliotambaa chini ya ukuta wake. Majani yake yalikuwa madogo, manene, kama punje zilizojaa maji. "Hauinuki. Unalala, unatambaa, unatoa maua. Mwaka huu, mwakani, mwaka ule mwingine. Ukishaupanda, umepata mkazi."

"Maji?"

"Maji! Shoga, huo ukiupenda sana unaoza. Una maji yake tumboni. Uupe jua, uupe mchanga, uupe na mawe, kisha uusahau. Laiti ningemlea mume wangu hivyo."

"Nimekusikia!" sauti ya kiume ikajibu kutoka ndani kwa jirani.

"Ndiyo nilitaka!" Mama Redio akajibu bila kugeuka. Akainama, akakata vipande kwa kisu cha jikoni, akavipitisha juu ya uzio ndani ya kanga kuukuu. "Usivipande leo. Viache kivulini mpaka pale nilipokata pakauke. Ukivipanda na kidonda kibichi vinaoza. Vipe muda."

Mama Vitunguu alivilaza kwenye ungo chini ya meza ya jikoni, kidonda juu, na kila alipopita aliinama kuvitazama. Wakati huo akachimba. Udongo wa pale ulikuwa mgumu na mfinyanzi, wa kushika maji kama bakuli, kwa hiyo ilibidi uchanganywe na mchanga, na chini yake kuwe na vipande vya kitu kigumu ili maji ya mvua yasituame. Nyuma ya nyumba kulikuwa na magunia ya vigae vilivyovunjika. Fundi hakuwahi kutupa kigae. Kutoka kila kazi alirudi na mabaki mfukoni.

Aliingia chumbani akasimama mlangoni. "Fundi, vile vigae vya nyuma."

"Vina nini?"

"Nataka kuviweka chini ya tuta."

Fundi aligeuza uso getini. Mke akajuta kuuliza.

"Vyote?" alisema hatimaye.

"Vinavyotosha."

"Basi kila unachotia, nionyeshe kwanza."

Ndivyo walivyofanya. Mama Vitunguu alimimina gunia kando ya tuta, akawa anainua kipande kimoja kimoja mbele ya dirisha kama anayenadi.

"Hicho cha bluu," Fundi alisema, "ni bafu la daktari wa meno. Aliogopa kuteleza. Mwanaume mzima, kutwa anang'oa watu meno, anaogopa bafu lake mwenyewe. Tia."

Kikaingia shimoni.

"Hicho cha kijivu ni benki. Tulilaza usiku, mchana kuna wateja. Mlinzi alikuwa anakoroma kwa sauti mbili, moja ya kuvuta na moja ya kurudisha. Tia. Hicho? Geuza. Aa, hicho ni shule, jikoni. Tia."

"Na hiki?" Kilikuwa chekundu kilichofifia, pembe moja imepasuka.

Fundi aliinua mkono wa kulia. "Hicho usitie," alisema. "Hicho ni soko."

Mkewe alikishika kifuani kidogo, kisha akakifuta kwa upindo wa nguo, akakiweka kwenye ukingo wa dirisha. Hawakusema lolote juu yake. Jioni hiyo alikikuta kimehamia chini ya mto wa mumewe, akatandika shuka akikizunguka.

Vigae vikaisha shimoni, mchanga na udongo vikawekwa juu, na hapo ndipo Fundi alipodai pima maji. Tuta liwe sawa, alisema. Mvua ikinyesha, maji yasikimbilie upande mmoja. Na lizungushiwe kingo za vigae vilivyosimamishwa, kimo cha kiganja, ili udongo usitoke. Mkewe hakubisha. Aligonga upande wa geti, akagonga upande wa nyumba, akagonga kona ambayo Fundi aliihisi tu kwa jinsi alivyosikia sauti ya nyundo.

"Kiko wapi?"

"Katikati. Kimetulia kabisa."

"Kiache kidogo. Wakati mwingine kinadanganya." Wakangoja wote wawili, yeye juani, mumewe kitandani. "Bado?"

"Bado kimetulia."

"Basi," Fundi alisema, na katika neno hilo moja ilikuwemo sauti yake ya zamani, ya mtu anayepangusa mikono na kutazama kazi iliyokwisha. "Hiyo ndiyo sakafu."

*

Mkeka ulishika. Mwanzoni vile vipande vilikaa kama vilivyopandwa, vimenuna, na Mama Vitunguu akajizuia mkono usichukue ndoo. Kisha kimoja kikatoa jani jipya, na kingine, na baada ya hapo vikaanza kutafutana. Mvua chache zilikuja zikaenda. Kiangazi kikaingia, bustani za majirani zikageuka rangi ya gunia, mkeka ukazidi kunawiri. Ulitambaa hadi kwenye kingo za vigae ukasimama hapo kwa adabu.

Tatizo lilikuwa moja. Maua ya mkeka yanafunguka jua likishapata nguvu na kufunga kabla halijalegea. Saa hizo Mama Vitunguu alikuwa sokoni. Alipoondoka asubuhi yalikuwa vitumba vya kijani vilivyofungwa, na aliporudi jioni yalikuwa yamefungwa tena, kama duka la mtu mvivu. Kwa hiyo aliuliza.

"Yamefunguka leo?"

"Yamefunguka."

"Mengi?"

"Mengi."

"Rangi gani?"

"Ya waridi. Iliyokolea. Katikati njano kidogo."

"Mazuri?"

"Mazuri sana, bibie."

Alilala vizuri siku hizo. Sokoni, katikati ya kupima nyanya, aliweza kusimama na kisanduku mkononi akiwaza: sasa hivi yamefunguka, sasa hivi anayatazama. Wateja wakamzoea. "Mama Vitunguu kasafiri tena," walisema, wakangoja arudi. Aliona wivu hata, wivu mdogo wa kipuuzi, kwamba maua yanapata macho aliyokuwa akiyapitia na ndoo.

Kisha siku moja soko likafungwa mapema kwa ajili ya kupuliziwa dawa ya panya, naye akarudi nyumbani jua likiwa utosini.

Alifungua geti, akasimama. Kapu lilimning'inia mkononi. Kutoka kingo hadi kingo ardhi ilikuwa imewaka. Maua yalikuwa yamebanana, uso kwa uso na jua, hayakuacha hata nafasi ya kidole, na nyuki walipita juu yake chini chini wakinguruma. Alijua kwamba ni mazuri, alikuwa ameambiwa. Lakini kuambiwa kulikuwa kitu kingine kabisa.

Alikimbia ndani na viatu.

"Fundi! Kumbe ndivyo yalivyo! Mbona hukusema? Ulisema mazuri tu!"

"Umerudi mapema," Fundi alisema. Hakuonekana kufurahi.

"Sogea. Nataka kuyaona unavyoyaona wewe." Akavua viatu, akapanda kitandani upande wa ukutani, akalaza kichwa chake kwenye mto wa mumewe, shavu karibu na shavu. Hakuwahi kufanya hivyo tangu hospitali. Tangu kitanda kisogezwe dirishani yeye alilala kwenye godoro chini, asimbane ule mguu. Mto ulinuka jua na dawa ya kuchua. Kigae cha soko kilimgusa sikio kupitia foronya.

Akatazama.

Aliona geti lote, juu hadi chini. Aliona kingo za vigae zimepangwa sawasawa, kazi safi. Na juu ya kingo, pale ilipopaswa kuwa ile rangi yote, aliona kamstari kembamba ka waridi kama uzi uliochomoka kwenye nguo. Basi. Sahani ikishikwa sawa na macho huoni kilichomo, unaona ukingo wake tu.

Hakuinua kichwa. "Fundi," alisema polepole. "Unaona nini?"

"Maua."

"Fundi."

"Naona uzi," akasema.

"Na njano ya katikati?"

"Aliniambia Mama Redio. Nilimuuliza kupitia dirishani."

"Siku zote hizi?"

"Ulikuwa unakuja na furaha. Unauliza hata kabla ya kutua kapu. Ningesemaje? Niseme nimekugongesha udongo juani kutwa nzima ili nione uzi?"

Mama Vitunguu alitazama ule uzi. Alidhani atalia, na kilichotoka kikawa kicheko. Kilimtikisa hadi kitanda kikalia.

"Unacheka nini?"

"Najicheka mimi. Miaka yote nauza vitunguu. Uliwahi kuona nimelaza kisanduku? Kisanduku kinainuliwa nyuma, kinamtazama mteja. Mtoto wa juzi sokoni anajua. Mimi nimekulazia maua kama ya kuwauzia ndege!"

"Usijilaumu. Ni mimi niliyetaka sakafu." Naye akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa uso, kile alichokuwa akikificha kwa mkono wageni wakija. Safari hii hakukificha. "Sakafu haina kosa, lakini. Iko sawa kabisa. Ungemwaga kikombe cha maji pale, yangekaa yakifikiri."

"Iko sawa. Ila haionekani."

Nje nyuki waliendelea na shughuli zao.

"Mito miwili haisaidii?" mke aliuliza.

"Nilijaribu ulipokuwa sokoni. Ninateleza upande wa kushoto. Mama Redio alinisikia nikitukana."

"Basi tuliinue tuta. Upande wa geti juu, upande wetu chini. Kama kisanduku." Kisha akakumbuka geti. Upande wa geti ukiinuliwa hadi magotini, mtu aliyelala hapa hataona tena pikapu ikisimama. Ataona nusu ya juu ya geti na anga. "Lakini litakuziba," alisema.

Fundi alilitazama geti. Mkewe, shavu lake pale pale, aliweza kuhisi taya la mumewe likikaza na kulegea.

"Inua," alisema. "Geti nalijua."

*

Kazi ilianza mchana huo huo, bila kubadilisha hata nguo za sokoni. Aliingiza sepetu bapa chini ya mkeka, akaukata vipande vya ukubwa wa trei, akavibeba kimoja kimoja hadi kwenye kivuli cha ukuta. Vilikuja na mizizi na mchanga na vipande vya bluu vya daktari wa meno. Kisha akaanza kuhamisha mawe na udongo kwenda upande wa geti.

"Kwenye bafu," Fundi alisema kutoka dirishani, "tunaweka kijiti chini ya kichwa kimoja cha pima maji, ndio mteremko. Lakini hili si bafu. Huu ni mlima. Kipovu hakitakusaidia, utatumia jicho."

"Jicho langu linasema liko sawa."

"Linasema ukiwa umesimama wapi?"

"Hapa mbele."

"Mbele huoni kitu. Mteremko unatazamwa kwa ubavu."

Alienda ubavuni, akatazama, akarudi, akaongeza udongo. Alipoukanyaga udongo uliporomoka hadi kwenye kingo. Akaupandisha. Ukaporomoka.

"Umefanya mkali mno. Punguza."

Akapunguza. "Sasa?"

"Mimi nitajuaje? Kutoka huku naona udongo tu. Mteremko ukiutazama kwa mbele ni kama ukuta tu."

"Mimi naona!" ikasema sauti nyingine. Viwiko vya Mama Redio vilikuwa tayari kwenye uzio, ubavuni kabisa mwa tuta. "Naona kila kitu kutoka huku. Liko barabara, shoga. Panda tu."

Mama Vitunguu alisikia kitanda kikilia ndani.

"Nani amesema liko barabara?" Fundi aliuliza.

"Mimi, jirani yako."

"Limebinuka katikati?"

"Limebinuka kidogo, limependeza, kama tumbo la mume wangu."

"Mama wewe! Tuta likibinuka katikati, mvua ya kwanza inalipasua! Jicho lako linajua sufuria tu."

"Linajua sufuria," Mama Redio alisema, akijikuna kiwiko bila haraka, "na linajua watu wanaofundisha kazi wakiwa wamejifunika shuka."

Mama Vitunguu alisimama na sepetu mkononi, hakuthubutu kugeuka. Alimtazama jirani yake kwa macho ya kumwambia basi, inatosha. Mama Redio aliinua mabega, akachukua viwiko vyake akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie mtaa ule hakuwa na la kuongeza.

Jua lilianza kulegea. Kwenye kivuli cha ukuta maua yalikuwa yamekwisha kujifunga, trei kwa trei. Mama Vitunguu aliupiga udongo kwa mgongo wa sepetu, pah, pah, akiongea na tuta kwa sauti ndogo ili pasiwe kimya. Upande mmoja ulikuwa umeinuka kama alivyotaka. Upande wa pili ulikuwa bado shimo, mabafu na mabenki yote yakiwa wazi.

"Liko namna gani pale katikati?" Fundi aliuliza baadaye. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sijui, Fundi. Kweli sijui. Nikienda ubavuni naona hivi, nikirudi naona vingine."

"Hapo anaposimama yule mwanamke. Kwenye uzio. Pako sawa? Pana mawe?"

Mke aliiegemeza sepetu ukutani. Alijibu polepole, kwa sauti ile ile ya mchana kutwa. "Pako sawa. Mawe mawili matatu. Yanaondoleka."

"Na kutoka mlangoni hadi pale?"

"Kizingiti tu. Naweza kuweka ule ubao."

"Ubao uwekwe kwa mteremko mrefu. Si mfupi. Mfupi utanibwaga."

"Mrefu."

"Na usinishike mabega ukisukuma. Shika kiti."

"Nitashika kiti."

Alingoja. Alimjua mtu huyu. Neno moja lililozidi lingemrudisha ukutani. Mtaani honi ilipiga mara mbili, mbali kidogo, na shingo ya Fundi ikaanza kugeuka kama kawaida yake. Ikafika nusu. Kisha macho yakashuka, yakapita juu ya udongo uliochimbuliwa, yakamkuta mkewe pale alipo, nywele zimejaa vumbi, magoti meusi, upindo umechanika. Yakabaki hapo.

"Una udongo kwenye nyusi," alisema.

"Wewe ulikuwa unarudi na nyeupe."

"Nyeupe inapendeza zaidi." Alijaribu kuvuta shuka kwa mkono wa kushoto, ukakataa, akatumia wa kulia. "Leo giza linaingia. Kesho, yakifunguka."

"Kesho," mke alisema.

Alifunika vipande vya mkeka kwa gunia tupu la vitunguu ili paka wasivilalie, akaacha shimo lilivyo na sepetu ilivyo. Alinawa mikono hadi viwikoni. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango ili afike nyuma yake, akaanza kukivua kile kiti nguo: shati, shati, kanzu ya kulalia, taulo, suruali ya kazi yenye magoti yaliyokaukiwa na saruji. Hiyo aliishika kidogo. Fundi alikuwa akimtazama.

"Hiyo iweke karibu," alisema.

Aliiweka kitandani. Akakivuta kiti katikati ya chumba, nacho kikaenda upande, kikichechemea. Aliinama. Tairi la kushoto lilikuwa limelala kabisa, bapa sakafuni.

"La kushoto?" Fundi aliuliza.

"La kushoto."

"Ningeshangaa lingekuwa la kulia." Akafikiri. "Mume wa Mama Redio ana pampu ya baiskeli."

"Itabidi kumwomba Mama Redio."

"Mwombe asubuhi," Fundi alisema, akafumba macho. "Usiku huu mwache ajute kidogo."